Kirangozi na Mtafutaji: Msamiati wa Elimu ya Siri katika Unyamwezi



Utangulizi

Ipole, kusini mwa Tabora katika wilaya ya Sikonge, ni mahali ambapo barabara hugawanyika: moja huelekea Mpanda, nyingine Rungwa hadi Mbeya. Mwaka 1871, vita vya Mirambo vilipoifunga njia ya kawaida ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, Henry Morton Stanley alilazimika kuzunguka kwa upande huu wa kusini. Katika misafara ya karne ya 19, ambayo wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi, aliyetangulia mbele na kuijua njia aliitwa kirangozi. Neno hilo lafaa kuwa ufunguo wa mada hii. Mtu aitafutaye elimu ya siri huipataje njia yake mwenyewe, na Kiswahili kina maneno gani ya kuisemea safari hiyo? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, katika mila mbili zilizokutana Unyamwezi, njia ya mtu mwenyewe haikuwa njia ya mtu peke yake.

Kuitwa na Kuingizwa

Katika Uswezi, mila ya mizimu inayohusishwa na Wachwezi wa nchi za Maziwa Makuu, mtu aghalabu hakuamka tu akaamua kuingia. Aliugua au alipatwa na misiba, akaenda kwa mfumu kupigiwa ramli, na ramli ikaonyesha kuwa mzimu wa mhenga aliyekuwa Mswezi unamtaka awe mrithi wake. Hans Cory, aliyeandika juu ya mila hii mwaka 1955, alieleza jinsi mwingizwaji anavyopata jina jipya na kufunzwa maneno ya chama yasiyoeleweka kwa walio nje. Kwa mwanaisimu jambo hili ni zito: lugha hapa haiishii kuieleza njia, bali ndiyo mlango wake.

Wayeye nao, chama cha mafundi wa nyoka, walirithishana ujuzi wa kuwashika nyoka na dawa za sumu. F. G. Carnochan, Mmarekani aliyefika Tanganyika mwaka 1926 katika msafara wa Smithsonian wa kukusanya wanyama, baadaye alitoa pamoja na H. C. Adamson kitabu The Empire of the Snakes (1935) kuhusu chama hicho. Kitabu chaweza kumsimulia msomaji habari za Wayeye. Hakiwezi kumpa mwalimu, wala wajibu wa kumtibu aliyeumwa na nyoka.

Tarika

Uislamu ulioenea kwa njia ya misafara ulileta jozi ya dhahiri na batini, pamoja na neno tarika, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu maana yake ni njia. Muridi hupokea uradi na ijaza kwa shehe wake, naye shehe huitaja silsila ya waliomtangulia.

Mfano ulio bayana ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya. Alizaliwa Umanyema, mashariki ya Kongo, akaletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa. Huko alisoma, akawa khalifa wa Kadiriya, na hadi kufariki kwake mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa tarika hiyo katika Tanganyika. Safari ya kwanza alipelekwa kwa nguvu. Ya pili aliishika kwa hiari. Utumwa ulimtenga na ukoo wake, nayo silsila ikampa nasaba ya elimu.

Neno la Sheria

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliufasili uchawi kwa upana hata kujumuisha kudai kuwa na elimu ya siri. Kwa fasili hiyo, anayeloga na anayefundwa waweza kutiwa kapu moja. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilimpa mganga nafasi ya kusajiliwa, lakini kwa sababu ya tiba yake. Suala hili si la kamusi tu. Katika mikoa ya magharibi, wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Mfasiri anayeliweka neno hilo juu ya kila elimu iliyofichwa huzipa nguvu tuhuma za namna hiyo.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuyapambanua maneno uchawi, uganga, Uswezi na tarika, kila moja na watu wake na miiko yake. Akusanyapo msamiati wa chama, aombe idhini, na akiambiwa kuwa neno fulani halitoki nje, aliache lilipo. Naye atakaye kuishika njia mwenyewe, iwe ya wahenga au ya mashehe, na aanze kwa swali ambalo wapagazi walilijua kabla ya kujitwika mizigo: kirangozi ni nani, na yeye alionyeshwa njia na nani?