Insulini katika joto la Bugarama

Watu wazima milioni 589 duniani wanaishi na kisukari, kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2024. Barani Afrika, karibu watatu katika kila wagonjwa wanne hawajui kwamba wana ugonjwa huo.

Nasi wa Rusizi, Rwanda, tumo. Mtu anaamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, kiu haikatiki, mwili unakonda. Huyu anasema malaria, yule anasema karogwa. Akija kufikishwa hospitali ya Gihundwe au ya Mibilizi, kidonda cha mguu kimeshaoza. Na tone moja la damu kidoleni lingemwambia mapema!

Halafu kuna dawa yenyewe. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na wagunduzi wake wakauza hataza kwa dola moja moja ili isiwe mali ya wachache. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Sasa mpe mkulima wa mpunga wa Bugarama, bondeni kwenye joto, nyumba haina friji. Vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga wenye maji katikati, hupunguza joto, ingawa havifiki ubaridi wa friji. Mituweli, bima yetu ya afya, ni jambo jema, lakini bima haipozi dawa.

Washauri wa afya vijijini wanapima malaria miaka mingi sasa. Kila mmoja wao awe na mashine ya kupima sukari, na kila kituo cha afya cha bondeni kiwatunzie wagonjwa insulini yao.