Kusimama kwa Mguu Mmoja
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama)



Leo hatuongei mbegu wala mashamba. Tunaongea kuanguka.

Mama mmoja wetu, mzee, alitoka mtoni na bidoni ya lita 20 kichwani, akateleza. Hakuna aliyemsukuma. Akavunjika nyonga. Mfuko wa chama ukalipa gari, ukalipa hospitali, ukabaki karibu mtupu, na wale waliongojea mkopo wa nyavu wakangoja tena. Mama huyo alivuka ziwa mara mbili, kwanza kukimbia vita, kisha kurudi kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Hakuanguka. Leo anabebwa kwenda chooni. Ndiyo ilituamsha.

Tulipotaja mazoezi, wengi walicheka: "Sisi tunalima tangu asubuhi, mazoezi ya nini tena?" Si uongo, kulima kunatia nguvu. Lakini ukishika jembe miguu yote miwili iko chini, mgongo umeinama, na akili iko kwenye deni ya duka. Usawa wa mwili ni kitu kingine. Unatoka kwa macho, kwa sikio la ndani, na kwa nyayo zinazoambia kichwa ardhi ikoje. Mtu akizeeka, habari hizo zinachelewa kufika. Zinaweza kuzoezwa, ila polepole, na akili iwe pale pale kwenye mguu.

Wachina wana zoezi lao la zamani, tai chi, wazee wanalifanya asubuhi katika bustani za miji: pole pole, pumzi ndefu, uzito unahama mguu huu kwenda ule. Sisi tumechukua kidogo tu. Unasimama nyuma ya kiti, unahamisha uzito taratibu, unasikiliza unyayo. Unainua mguu mmoja huku mkono uko karibu na kiti. Unatembea juu ya mstari uliochorwa mchangani, kisigino kikigusa vidole. Unaketi na kuinuka bila kushika kitu. Siku tatu kwa juma, basi.

Mwanzoni wazee watatu walifanya alfajiri, nyuma ya nyumba, kimya. Jirani akawaona. Mnajua maneno gani yalianza kutembea mtaani, na mnajua yanaweza kumfikisha wapi mama mjane. Tukahamisha zoezi saa kumi jioni, chini ya mwembe, mbele ya watu wote. Watoto wakatucheka, wakajaribu, wakaanguka wao. Maneno yakaisha.

Je, inasaidia? Mwaka 2019 watafiti walikusanya majaribio 108 ya watu zaidi ya 23,000 wenye miaka 60 kwenda juu, wakakuta mazoezi yanapunguza kuanguka kwa karibu robo. Mwaka 2022 wengine wa Brazil walitangaza habari ya watu 1,702 wa miaka 51 mpaka 75: wale walioshindwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 walikufa wengi zaidi katika miaka iliyofuata. Hapo tuelewane. Mguu hauui mtu. Lakini mwili unaodhoofishwa na sukari au moyo, mara nyingi usawa wake pia unapungua, kwa hiyo ni alama. Ukishindwa usiogope, nenda kituo cha afya wakupime. Na mwenye kizunguzungu, au anayetumia dawa ya presha, aongee na muuguzi kwanza.

Wafadhili wetu, kwa zoezi hili hatuombi mikeka wala mwalimu wa mbali. Tunaomba ngazi na kishikio kwenye njia ya mtoni, na tochi kwa wazee, maana wengi wanateleza usiku wakienda chooni. Mazoezi hayawezi kuondoa giza.

Mama yetu sasa anaketi mwenyewe. Kutembea, bado.

Mkutano ujao kila mtu aje na kiti chake, chenye miguu minne iliyo mizima.