Akiba si kosa: nani anasaidiwa akigonjwa?

Maneno ya komite mbele ya mukutano mukubwa wa wanamemba, Kindu

Aksanti kwa wale waliovuka Lualaba asubuhi kutoka Alunguli, ijapokuwa mvua.

Leo tuko na neno moja. Mutu akigonjwa ao akipata ulemavu, na iko na akiba kidogo, tumusaidie, ao tumwambie amalize kwanza falanga zake?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Statuti yetu inasema musaada wa ugonjwa ni wa "mutu asiye na kitu". Tuliandika vile wakati tulikuwa tumerudi mikono mitupu. Wakati ule kila mutu alikuwa asiye na kitu, kwa hiyo kanuni haikumuumiza mutu. Leo mambo yamebadilika. Kuna wanaolima muchele, kuna wanaouza mafuta ya mawese, kuna walioingia likelemba. Ni jambo la kushukuru. Lakini kanuni ilibaki ile ile.

Mwaka uliopita mama mumoja, mwanamemba tangu mwanzo, alipasuliwa. Mutu akaja kutuambia: "Yule mama iko na falanga kwenye telefone, nimeziona na macho yangu." Tukamunyima musaada. Kumbe falanga zile zilikuwa za likelemba, alikuwa anachungia wenzake. Hakuzigusa hata kidogo. Alizuiliwa lupitali kwa sababu ya deni, mpaka ndugu zake walipouza mashini yake ya kushona. Akapona, akarudi nyumbani, na kazi hakuna. Tulimuomba radhi. Lakini radhi haishoni nguo.

Tangu siku ile tunasikia wamama wakisema: "Tusiweke tena, mutatuhesabia." Wengine wanaficha. Hii ndiyo hasara kubwa. Chama kilichozaliwa kwa kusaidiana kimeanza kuwafundisha watu kwamba mwenye kula yote ni mwenye akili kuliko mwenye kuweka.

Tulikaa tukaangalia namna wengine wanafanya. Hapa kwetu, sheria nambari 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inaongoza usalama wa jamii kwa wafanyakazi, na kaisi yake ni CNSS. Mufanyakazi anakatwa 5 kwa mia ya mushahara, patro anaongeza 13 kwa mia. Mutu huyo akipata ulemavu, wanaangalia kama alichanga na kama kweli hawezi tena kazi. Hawamuulize kama iko na mbuzi ao nyumba. Alichanga, kwa hiyo ni haki yake. Bahati mbaya, wengi wetu ni walimaji na wachuuzi, hatuna patro wa kutulipia. Ndiyo maana tuliunda sanduku letu.

Sasa Uingereza, kwa sababu wengi wenu muko na ndugu kule. Kule kuna misaada ya namna mbili. Ule wa ulemavu unaoitwa PIP hauangalii akiba. Vilevile ule wa ugonjwa unaotokana na michango ya mufanyakazi. Lakini Universal Credit, ambayo ni ya wenye mapato kidogo, inaangalia. Akiba isiyopita pauni 6.000 wanaiacha. Kutoka pale wanapunguza polepole: kila pauni 250 ya juu inahesabiwa kama mapato ya pauni 4,35 kwa mwezi. Mutu mwenye pauni 7.000 anapunguziwa pauni 17,40 kwa mwezi. Akipita pauni 16.000, hapati kitu.

Hatuko Uingereza, na hatuna mali ya Uingereza. Lakini tunaona hekima moja pale: kile mutu amechangia ni kitu kingine, kile anachopewa kwa sababu ya shida ni kitu kingine. Sisi tulivichanganya katika sanduku moja, na kosa letu lilizaliwa pale.

Wenye kuwa katika AVEC wanajua jambo hili bila kusoma sheria. Lile sanduku la kufuli tatu liko na mafungu mawili: hisa za kila mutu, na mufuko wa mushikamano. Mutu akifiwa ao akigonjwa, anapewa kutoka mufuko wa mushikamano. Hakuna anayemwambia: "Kula kwanza hisa zako."

Basi komite inaleta mapendekezo manne, muyapige kura.

Kwanza, masanduku yawe mawili, na vitabu viwili. Sanduku la michango yetu, na sanduku la musaada wa marafiki.

Pili, aliyelipa michango yake sawasawa, akigonjwa, apewe kutoka sanduku la kwanza bila kuulizwa akiba. Karatasi ya munganga inatosha.

Tatu, kwa sanduku la marafiki, tuangalie uwezo wa mutu, lakini tusihesabu nyumba anamolala, mbegu, jembe, mashini, kinga ya kazi, hisa za AVEC kabla ya siku ya kugawana, wala falanga za watu anazochungia. Akiba inayoweza kulisha nyumba yake miezi 3 tuiache pia. Tunapima kwa chakula kwa sababu nguvu ya falanga inabadilika. Anayepita kipimo hicho apunguziwe polepole, asikatwe mara moja.

Nne, watu wawili tu wamutembelee mugonjwa, waulize kwa heshima, wanyamaze. Maneno ya jirani yasiwe ushahidi tena.

Kuhusu ulemavu, tuongeze neno. Malaria inapita. Muguu uliokatwa haurudi. Akiba ya mulemavu ndiyo itamufungulia kazi nyingine, pengine meza ya kuuza ao vyombo vya kushona viatu. Tukimulazimisha aile, mwaka ujao atakuwa mulangoni mwetu tena, na kila mwaka.

Marafiki munaotuma musaada, tunajua munataka ufike kwa maskini kabisa. Hata sisi tunataka vile. Lakini mukumbuke kwamba maskini anayeweka falanga kidogo bado ni maskini. Anajaribu tu kutoka.

Yule mama iko hapa, amekaa kati yetu. Alitukubalia tueleze habari yake, bila jina. Kama mutakubali mapendekezo haya, kazi ya kwanza ya sanduku la marafiki iwe kumurudishia mashini.

Sasa tusikie sauti zenu, halafu tupige kura.