Dawa ya Risasi Nchini Kongo

Mwaka 1964 wapiganaji waliojiita Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, wengi wao wakiwa na mikuki na mapanga tu. Kabla ya vita mganga aliwachanja chale na kuwanyunyizia maji, wakaamini kuwa risasi haitawadhuru. Masharti yalikuwa makali: mpiganaji asiibe, asiguse mwanamke, wala asitazame nyuma vitani.

Askari wa serikali walikuwa na bunduki, lakini wengi wao nao waliiamini dawa hiyo. Waliposikia ukelele wa "Mai Mulele", yaani maji ya Mulele, walitupa silaha na kukimbia. Ndivyo Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, ilivyotekwa mwezi Agosti.

Mwezi huo huo, mjini Bukavu, Kanali Leonard Mulamba aliwashikilia askari wake wasikimbie. Walisimama, wakapiga risasi, na Simba wakaanguka.

Hapo ndipo maoni yanapotofautiana. Waganga walishikilia kuwa dawa ni nzuri, ila waliokufa walivunja miiko. Wasioamini husema yalikuwa maji matupu. Wapo wanaoona kuwa nguvu yake ilitokana na nidhamu iliyoletwa na miiko, pamoja na hofu iliyokuwa moyoni mwa adui.

Maoni haya ya mwisho ndiyo yanayolingana na matukio. Maji yale yale yalishinda Stanleyville, yakashindwa Bukavu. Kilichobadilika si dawa, bali ni askari aliyesimama mbele yake.