Wajibu wa Mataifa Mbele ya Mahakama za Kimataifa
(Mazungumzo na viongozi walei, Old Moshi)



Hapa Old Moshi hatuna haja ya kufundishwa maana ya hukumu isiyo na haki. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Mshtaki ndiye aliyekuwa hakimu, naye ndiye aliyeshika kamba. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mahakama za kimataifa, twauliza kwanza: ni nani ahukumuye, na kwa msaada wa nani?

Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu waliuawa nchini Rwanda, wengine ndani ya makanisa walimokimbilia. Umoja wa Mataifa uliunda mahakama, nayo ikawekwa Arusha, si mbali nasi. Ilikuwa na majaji, lakini haikuwa na polisi wake. Ndiyo maana sheria yake ilizitaka nchi zote ziwakamate watuhumiwa, ziwakabidhi, na zisaidie kupata ushahidi. Jean-Paul Akayesu alikamatwa Zambia mwaka 1995. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, alikamatwa Kenya mwaka 1997. Mali na Benin zilipokea wafungwa. Nchi yetu ilitoa makao na mahali pa kuwaweka mahabusu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini ushirikiano hauishii katika kukamata. Mahakama hiyo, iliyofungwa mwaka 2015, iliwaona watu 14 hawana hatia. Baadhi yao walikaa Arusha miaka mingi, huru kwa maandishi tu, kwa kuwa hapakuwa na nchi iliyokubali kuwapokea. Desemba 2021 watu wanane, wakiwamo waliomaliza vifungo, walipelekwa Niger. Mwezi huohuo serikali ya huko ikaamuru waondoke. Mataifa yaliyokuwa mepesi kukabidhi yakawa mazito kupokea.

Ndugu wapendwa, hapa ndipo tujipime. Kumficha mwenye damu mikononi kwa kuwa ni wa kwetu ni dhambi. Kumkataa aliyeachiwa huru ni dhambi pia. Tanzania iliridhia mkataba wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2002, lakini mkataba hausemi kweli kwa niaba ya shahidi. Basi tusimhukumu mtu kabla hajasikilizwa. Tukiitwa kutoa ushahidi, twende. Naye aliyeshinda kesi akirudi, tumfungulie mlango. Tukishindwa hayo kihambani kwetu, tutayadaije kwa mataifa?