Daftari la Watoto wa 1946



Daktari James Douglas wa Uingereza aliwachagua watoto waliozaliwa katika juma moja la Machi 1946, na maisha ya 5,362 kati yao yakafuatwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1964 kitabu chake kilidhihirisha kwamba watoto wengi wenye akili, wa nyumba za kimaskini, walikosa nafasi katika shule bora. Ushahidi huo uliwapa nguvu waliopinga kuwatenga watoto kwa mtihani wa umri wa miaka 11.

Mtihani huonyesha siku moja. Daftari la miaka mingi humwonyesha mtoto. Serikali ipangayo elimu pasipo daftari hilo hupanga gizani, na alipaye gharama ya giza ni mtoto wa maskini.