Kalibu Moja, Mashine Nyingi

Natumaini redio inasikika hata kwa waliokaa nyuma. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: seva, mashine pepe, taswira.

Juma lililopita tuliona kwamba seva ni kompyuta yenye nguvu inayohudumia kompyuta nyingine. Tuliona pia kwamba ofisi ikiwa na seva zake yenyewe, na kuzigawa kwa watumishi wake kadiri ya haja, hilo huitwa wingu binafsi. Kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva huko Uswisi, kina wingu la namna hiyo tangu mwaka 2013. Linaendeshwa kwa programu iitwayo OpenStack, iliyoanzishwa mwaka 2010 na kampuni ya Rackspace pamoja na NASA, shirika la Marekani la safari za anga. Programu hiyo ni ya bure, na hata ofisi yenye seva tatu yaweza kuitumia.

Ndani ya seva moja huwekwa mashine pepe nyingi. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na chuma chake yenyewe. Imeazimwa sehemu ya seva, nayo hufanya kazi kama kompyuta kamili. Msidhani ni jambo la jana. Wahandisi wa IBM mjini Cambridge, Marekani, walikuwa na mashine za namna hiyo mwaka 1967.

Basi, mtu akitaka mashine pepe mpya haanzi tangu mwanzo. Hutumia taswira, yaani faili moja kubwa iliyobeba diski nzima pamoja na programu zake zote. Wengi wenu mmefyatua matofali, au mmeona yakifyatuliwa. Taswira ndiyo kalibu. Kalibu ikiwa na msumari uliojitokeza ndani, kila tofali litatoka na kovu mahali pale pale.

Nitawaeleza msumari niliouona mimi. Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, tulihitaji mashine za kutunza alama za wanafunzi wa elimu ya watu wazima. Fundi wetu, kijana hodari, alitengeneza mashine moja nzuri sana. Akaijaribu kwa neno la siri lililofungua hazina ya alama, kisha akaifanya taswira. Tukatoa mashine 14. Miezi michache baadaye mtu asiyehusika aliingia katika mashine moja ya majaribio, isiyo na kitu cha maana ndani. Hatukuhangaika. Kumbe neno lile la siri lilikuwamo, naye alilisoma. Alama za watu waliosoma usiku mwaka mzima zilibadilishwa. Tulikaa majuma mawili tukilinganisha na karatasi za walimu. Karatasi za darasa moja hazikuonekana, na wanafunzi wake wakarudia mtihani. Mama mmoja hakurudi tena.

Mtauliza, kwa nini fundi hakulifuta neno lile? Alilifuta! Ukifuta faili, kwa kawaida kompyuta huliondoa jina lake katika orodha tu. Maandishi yenyewe hubaki katika diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na taswira hunakili diski pamoja na mabaki hayo. Kwa hiyo neno la siri lisiingie kabisa ndani ya kalibu, hata kwa kujaribu.

Sasa tuone kazi inavyofanywa. Fundi huchukua taswira iliyo tayari kutoka kwa watengenezaji wa mfumo, kama Debian au Ubuntu. Mara nyingi huwa ya aina iitwayo qcow2, ambayo faili lake hukua kadiri diski inavyoandikwa. Huiwasha kwa programu ya KVM, hutia masahihisho ya usalama, kisha programu za ofisi yake.

Baada ya hapo huisafisha. Kila mashine ina funguo za SSH za kujitambulisha kwa wenzake. Funguo hizo zikibaki katika taswira, mashine zote zitakuwa na ufunguo mmoja, na mwenye kuuiba ataweza kujifanya yeyote kati yao. Kadhalika faili la machine-id, lenye namba ya mashine, liachwe tupu. Mashine mbili zenye namba moja zaweza hata kupewa anwani moja ya mtandao, na hapo mtatafuta kosa siku nzima. Programu ya virt-sysprep husaidia usafi huu, lakini mashine izimwe kwanza. Ikitumiwa juu ya mashine inayofanya kazi, yaweza kuiharibu diski.

Je, mashine isiyo na namba wala funguo itaishije? Mtoto naye hazaliwi na jina, hupewa. Mashine ikiwaka mara ya kwanza, programu iitwayo cloud-init huliuliza wingu, kwa kawaida katika anwani 169.254.169.254: jina langu nani, na ni nani aruhusiwe kuingia? Hupewa majibu, na funguo mpya hutengenezwa pale pale.

Taswira huchakaa hata isipoguswa, maana makosa ya programu hugunduliwa kila siku. Mimi napendelea hatua zote ziandikwe katika faili, taswira itengenezwe upya kila mwezi, na tarehe itiwe katika jina lake. Fundi akihama, maandishi hubaki. Lakini angalieni: taswira mpya haizitengenezi mashine zilizokwisha kutolewa. Hizo zina kazi yake.

Kazi ya darasa: kila mmoja aandike mambo matatu yasiyofaa kubaki ndani ya taswira, na kando ya kila moja aeleze madhara yake. Mwalimu atasahihisha. Juma lijalo, saa ile ile, tutazungumza juu ya mtandao unaoziunganisha mashine hizi. Kwaherini.